Kichwa Kitupu cha Yoeli Msengi

Yoeli Msengi alikuwa na majivuno ambayo mtu mwingine angeyaficha uvunguni: alijisifu kwamba hana kitu kichwani. Asubuhi ya usaili aliwasimamisha wagombea wawili mbele ya meza yake, akajigonga utosi kwa kidole na kusema, "Tangu niingie kazi hii nimefundishwa masomo mia mbili na kumi, na leo hii sijui hata moja. Zungukeni Singida nzima, hamtapata kichwa kitupu kuliko hiki."

Zamda Ntandu, fundi wa kofia, hakuinua macho kwenye mitambo yake. "Mkewe naye anasema hivyohivyo," alisema.

Wagombea walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaotafuta kazi.

Msengi hakuwa anatania, na hapo ndipo uchekeshaji ulipokuwa. Kampuni yake ilitengeneza masomo ya kofia. Unaivaa, unalala kitini dakika ishirini, unaamka mikono yako inajua kuunga bomba au kushona jeraha, kana kwamba umeifanya kazi hiyo miaka mitatu. Somo zuri likiingia linakaa. Somo baya likiingia nalo linakaa, tena linakaa kwa kujiamini, na hiyo ndiyo hatari yake. Kwa hiyo mbunifu wa masomo hakuajiriwa kwa vyeti wala kwa utamu wa ulimi. Aliajiriwa kwa kichwa: achukuliwe mtu asiyejua kitu, afundishwe na mgombea wa kwanza, apimwe, afutwe, halafu afundishwe na wa pili, apimwe tena. Kichwa ni kilekile. Siku za nyuma walitumia vichwa viwili, na kila aliyeshindwa alidai mwenzake kapewa mtu mwepesi. Walijaribu pia mwanafunzi wa mashine. Huyo alifaulu kila somo, hata lile ambalo Zamda aliliingiza kwa makusudi likianzia mwisho kwenda mwanzo. Wakamzima.

Kichwa cha kampuni kilikuwa cha Msengi, na mkuu wa ajira alikuwa Msengi huyohuyo. Mpishi apike, yeye aonje, yeye aamue nani apewe jiko.

Mwaka huu jiko lilikuwa moja. Anayeshinda anapata kazi, na somo lake la usaili linatumwa wiki hiyohiyo kwenye zahanati mia nne na kumi na mbili. Mada ilikuwa ndani ya bahasha. Wagombea waliifungua jana yake, wakapewa kurasa kumi na moja za maelezo ya daktari na siku nzima ya kutengeneza. Msengi hakuruhusiwa kujua hata herufi yake ya kwanza.

Walianza na maswali ya mdomo. Aliyetangulia alikuwa Lameck Kisandu, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Mwanza, viatu vyake vinang'aa mpaka ungeweza kuvifanya kioo cha kunyolea ndevu. Lile somo la pikipiki ambalo kila dereva alikuwa nalo kichwani, lenye wimbo unaokataa kukutoka hata ukiwa msibani, lilikuwa lake.

"Mwanafunzi wako ni nani?" Msengi alimuuliza.

"Kila mtu, bosi."

"Kila mtu ni wengi. Hatuna kofia zote hizo."

Lameck akatabasamu. "Namaanisha somo langu halimchoshi mtu yeyote. Watu wanajifunza wakifurahi. Mimi kwanza namfurahisha, halafu namfundisha akiwa bado anacheka."

"Na asiyecheka?"

"Sijawahi kukutana naye."

Lilikuwa jibu zuri, na Msengi aliliandika. Alipenda watu wanaojisifu, aliwaona kama ndugu.

Kisha akaingia Foibe Mwinuka, mwanamke wa Njombe aliyekaribia hamsini, mwalimu wa shule ya msingi wa zamani ambaye sasa aliwatengenezea mafundi cherehani masomo. Msengi alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sijui kama inafaa mwajiri kumwamkia mwombaji kazi."

"Nikikaa kimya mama yangu atasikia hukohuko aliko. Mwanafunzi wako ni nani?"

Foibe aliweka mkoba wake magotini. "Ni mtu mmoja. Ana miaka ishirini na mitatu, yuko zahanati peke yake, amesimama tangu alfajiri, na simu ya kumpigia daktari haina mtandao. Ameshafundishwa mara mbili akasahau. Anaogopa."

"Umemjua wapi?"

"Niliwafundisha wengi darasa la tatu. Wamekua tu."

"Na atajifunza kitu gani kwako?"

"Nitamfundisha cha kufanya pale anapokosea. Kupatia, hata bahati inaweza kumpatisha."

Msengi aliandika hilo pia, lakini kwa herufi ndogo.

*

Saa nne alilala kwenye kiti, Zamda akamvisha kofia. Kura ilimtanguliza Foibe.

Hapakuwa na wimbo. Msengi alijikuta amesimama kwenye chumba chenye kitanda cha chuma, na mikononi mwake mlikuwa na mtoto mchanga aliyelegea kama kitambaa kilicholowa. Mtoto halii. Sauti ya Foibe haikupanda wala kushuka. Mkaushe. Msugue mgongo. Bado? Chukua mfuko wa kupumulishia na barakoa yake, mfunike pua na mdomo, minya. Akaminya. Kifua hakikuinuka. Akaminya kwa nguvu zaidi, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, na Foibe akamwacha akosee mpaka alipotoka jasho. Ndipo sauti ikasema: usiongeze nguvu. Kichwa hakijakaa vizuri. Kirudishe nyuma kidogo, kwa mkono wa kushoto, akae kama mtoto anayenusa mboga jikoni. Sasa minya.

Kifua kikainuka.

Alirudishwa mwanzo, akakosea kwa namna nyingine. Akarudishwa tena. Alipofungua macho, Zamda alikuwa ameshaweka mdoli wa mpira mezani, mdoli mkaidi, aliyetegwa asipumue kwa urahisi. Msengi alimkausha, akamsugua, akaminya, akaona kifua kimegoma, akakirudisha kichwa nyuma. Taa ya kijani ikawaka sekunde ya hamsini na mbili.

"Tisini na moja," alisema Zamda. "Bosi, unalia?"

"Mwanga wa kofia huo."

Haukuwa mwanga wa kofia. Miaka miwili nyuma, mtoto wa kwanza wa Msengi alizaliwa kwenye zahanati ya kijijini kwao mkewe, na hakulia. Msengi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Mhudumu alimsugua mtoto, akaminya ule mfuko, akaminya tena kwa nguvu, halafu akamfunika kwa khanga. Sasa mkewe, Sikudhani, alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa amerudi kwa mama yake, kijiji kilekile, zahanati ileile. Jumatatu Msengi alikuwa aanze likizo amfuate.

Na mikono yake sasa ilijua.

*

Kifutio kilikuwa kofia ya pili, nzito na ya baridi, ndani ya chumba kidogo chenye komeo kwa ndani. Somo la kofia huganda kichwani baada ya siku saba. Kabla ya hapo kifutio hulitoa kwa nusu saa, na kichefuchefu juu yake. Kukaa na somo la usaili ni wizi, na adhabu yake inajulikana: kazi unapoteza, na kichwa unafutwa kwa amri.

Utauliza nani alikuwa akilinda. Hakuna. Mtu anayefutwa hubwabwaja, na mambo yanayomtoka si ya kusikiwa na majirani. Mkuu wa ajira aliyemtangulia Msengi aliwahi kufutwa mbele ya wafanyakazi wenzake, akataja majina ya wanawake watatu, mkewe hakuwamo. Tangu siku hiyo ikawa desturi kwamba anayefutwa anajifungia mwenyewe, na akitoka anaandika daftarini kwa mkono wake: Nimefutwa, kichwa kitupu. Heshima ya mtu ndiyo iliyokuwa mlinzi.

Msengi aliingia, akapiga komeo, akaketi. Aliipakata kofia baridi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie. Alijisemea kwamba ataivaa dakika ya tano. Dakika ya kumi alikuwa anafanya mazoezi kwenye goti lake, mkono wa kushoto ukilirudisha nyuma kidogo. Nusu saa ikaisha.

Alitoka akipepesuka. Alipepesuka vizuri kuliko alivyowahi kupepesuka akiwa amefutwa kweli, mpaka akagonga meza. Zamda alimpa chai ya tangawizi.

"Pole. Unajua uko wapi?"

"Singida."

"Jina la mkwe wako?"

Hilo lilikuwa swali lao la kawaida, kwa sababu kifutio kiliwahi kuondoka na jina la mama mkwe, na Msengi akamwita yule mama shangazi siku nzima. Akasitasita kwa ufundi. "Mama... Mama Sikudhani."

"Bado upo," alisema Zamda, akamsogezea daftari.

Msengi aliandika maneno yale matatu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

*

Saa saba mchana akaingia kwenye somo la Lameck, na niseme haki: lilikuwa zuri kama sherehe. Chumba kilikuwa na rangi ya machungwa, mtoto alikuwa mnene wa kupendeza, na hatua zilikuja moja moja zikiimbwa. Kausha, sugua, funika, minya, hesabu. Kila alipopatia, nyota zilianguka kutoka darini. Hakukosea hata mara moja, kwa sababu hapakuwa na pa kukosea. Kifua cha mtoto yule kiliinuka kila kilipoombwa.

Msengi alingoja ile hatua ya kifua kugoma. Wimbo ukaisha, nyota zikaanguka zote kwa mpigo, na kofia ikazimika.

Zamda akaweka mdoli uleule mkaidi.

Hapa ndipo angeweza kusimama. Angeweza kusema tumbo linamsumbua, usaili uahirishwe. Lakini mikono haikumngojea. Ilikausha, ikasugua, ikaminya, kifua kikagoma, na ule wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kichwa cha mdoli, ukakirudisha nyuma kidogo. Taa ya kijani ikawaka sekunde ya arobaini na moja. Mara ya pili kitu chochote huwa chepesi.

"Tisini na sita," alisema Zamda. Alipiga mluzi. "Huyu kijana ni moto. Mimi nilidhani ni viatu tu."

Msengi alimtazama mdoli. Alikuwa ameweka moyoni somo la Foibe kwa sababu lilikuwa bora, na kwa kuliweka amempa Lameck alama zake. Ukilitazama kwa mbali lilikuwa jambo la kuchekesha. Yeye hakuwa mbali.

"Zamda," alisema, "tukimchukua Lameck, tunaweza kuongeza kipande kwenye somo lake kabla halijatumwa?"

"Kipande gani?"

"Cha kifua. Kama hakiinuki."

"Kwani hakikuinuka?"

"Kiliinuka."

"Sasa unataka kuongeza nini, bosi? Chumvi kwenye asali? Somo lililofaulu haliguswi, sheria si yako hiyo? Linatoka kesho asubuhi."

Msengi alikwenda dirishani. Alipiga mahesabu yote ambayo mtu hupiga akiwa ameshaamua. Akisema ukweli, atafutwa kwa amri leo hii, na Jumatatu atasimama tena mlangoni na chupa ya chai. Asiposema, masomo mia nne na kumi na mbili yatatoka bila ule mkono wa kushoto, na moja litaingia kwenye kichwa cha mhudumu wa kijijini kwao mkewe. Ila Sikudhani atakuwa na yeye. Wengine? Wengine, alijiambia, watapata toleo la pili. Atamshauri Lameck taratibu, baada ya mwezi mmoja, kijana akishazoea kazi. Kwani kuna watoto wangapi wanaogoma kupumua kwa mwezi? Alilijua jibu, liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya daktari, na maelezo hayo sasa yalikuwa mezani kwake. Akayafunika kwa faili.

*

Saa kumi waliitwa wote wawili. Palikuwa na desturi nyingine, na hiyo Msengi aliitunga mwenyewe: mgombea huonyeshwa picha za majaribio yote mawili, lake na la mwenzake, asije akatoka akisema kaonewa. Alifikiria kuiruka. Kisha akaona haina neno. Foibe akiona kitu, atahesabiwa mwenye kinyongo, ndiyo kawaida ya aliyeshindwa. Na Lameck ndiye mshindi, na tangu lini aliyepakuliwa nyama akauliza kwa nini amepakuliwa?

"Nyote mmefanya kazi nzuri," alisema. "Lakini kichwa hakidanganyi. Bi Foibe, tisini na moja. Lameck, tisini na sita. Hongera, kijana, karibu kazini."

Foibe aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia Lameck na kumpa mkono. "Hongera, mwanangu. Uwafundishe vizuri."

"Asante, mama," alisema Lameck, lakini hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyeitwa na polisi.

Zamda aliwasha skrini. Ilitangulia picha ya Foibe. Ikafuata ya Lameck. Mikono ya Msengi ikakausha, ikasugua, ikaminya. Taa ikawaka.

"Naam," alisema Msengi, akiwa ameshanyanyuka nusu. "Nyaraka za mkataba ziko..."

"Dada Zamda," alisema Lameck, "naomba urudishe nyuma kidogo."

"Wapi?"

"Kabla ya taa. Hapo. Simamisha hapo."

Skrini ilisimama mkono wa kushoto wa Msengi ukiwa juu ya kichwa cha mdoli, vidole viwili chini ya kidevu.

"Anafanya nini?" aliuliza Lameck.

"Anarudisha kichwa," alisema Zamda. "Kifua kiligoma. Si umemfundisha wewe?"

Lameck alitikisa kichwa. "Iko ukurasa wa tisa kwa daktari. Sikufika ukurasa wa tisa. Jana nilimalizia nyota." Alisema hivyo bila kujitetea, macho yake chini kwenye viatu vyake. "Nimeusoma leo asubuhi, nilikuwa nje pale nangoja zamu, nimeshakabidhi somo. Nikajua nimeanguka. Nimekaa kwenye benchi mchana kutwa nafikiria nitamwambia nini baba."

"Pengine ulifundisha bila kujua," alisema Msengi. "Somo zuri lina tabia hiyo. Mwanafunzi anajiongeza."

"Hapana, bosi. Nimelitengeneza mimi, nalijua lote. Yule mtoto wangu hagomi." Kijana aliinua uso. Hakuwa anamshtaki mtu. Alikuwa na shida ya kikazi na alitaka kuielewa. "Ukimpa mtu somo langu na mdoli yule, anaminya mpaka muda unaisha. Na kesho linakwenda zahanati. Siwezi kuondoka na alama hizo kabla sijajua zimetoka wapi. Bwana Msengi, mimi sikukufundisha hilo. Nani kakufundisha?"

Msengi alifungua mdomo. Mzaha mmoja ulikuwa pale ulimini, aliusikia kabisa, lakini ulipofika kwenye meno ukarudi.

Zamda alilivuta daftari la kufutwa, akalifungua kwenye ukurasa wa leo na kuutazama ule mwandiko mzuri.

Foibe hakumtazama Msengi wala daftari. Alikuwa bado anautazama ule mkono wa kushoto uliosimama kwenye skrini, kama mwalimu aliyeokota daftari lisilo na jina na akautambua mwandiko.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," alisema.